Aliyesikilizwa Sironga

Nyanchera hakuwahi kujihesabu miongoni mwa wanawake wenye wivu. Wenzake katika soko la Daraja Mbili walipolalamika juu ya waume zao, kwamba huyu ameonekana na fulani na yule amebadilisha namba ya siri ya simu, yeye aliendelea kukung'uta sweta zake za mitumba na kuzitundika kwa kufuata rangi, akitabasamu kama mtu anayesimuliwa ugonjwa usioingia kwao. Mume wake, Momanyi, alifundisha katika chuo kikuu mjini Kisii. Alikuwa mtu wa vitabu, mwenye kitambi cha wastani na miwani aliyoifunga kwa uzi upande mmoja. Nani angejisumbua kumwiba?

Tena Momanyi hakuwa na siri, na hapo ndipo ndoa yao ilipoegemea. Kila jioni, Nyanchera akichambua mboga za majani ziitwazo chinsaga, Momanyi alivuta kigoda mlangoni mwa jikoni, akaweka shavu kwenye kiganja na kusikiliza habari za soko tangu mwanzo hadi mwisho. Nani amegombana na nani kwa sababu ya nafasi ya kutandika nguo, nani amefungua mtumba mpya na kukuta suruali za watu wanene pekee. Kisha ilikuwa zamu yake. Alimwigizia mkuu wa idara anavyosinzia mkutanoni, akamsimulia mwanafunzi aliyezika bibi yake kila muhula wa mitihani. Wote wawili walicheka mpaka binti yao Bosibori akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Wako watu wanaopendana kwa zawadi. Hawa walipendana kwa umbea.

Mambo yalianza kugeuka Momanyi alipoingia kwenye utafiti wa shahada yake ya uzamifu. Alitaka kuandika juu ya wajane wa upande wa Nyamira na mashamba waliyoachiwa na waume zao: nani alibaki nayo, nani alifukuzwa, na walifukuzwaje. Chuo kikasema sawa, lakini hakuna mtu wa kwenda kuuliza watu maswali kabla ya kupitia mafunzo ya maadili ya utafiti na kufaulu mtihani wake. Awe profesa, awe mwanafunzi, sharti ni hilo.

"Mimi nilelewe na mama mjane," Momanyi alinung'unika, "halafu nifundishwe jinsi ya kuongea na mjane?"

Hata hivyo akaketi kusoma. Masomo ya kwanza yalikuwa kwenye simu, na Nyanchera ndiye aliyemsomea maswali huku mikono yake ikiwa na maji ya mboga.

"Mtu unayemhoji akitaka kuacha katikati, utafanya nini?"

"Nitambembeleza kidogo amalizie."

"Umekosa! Unamwacha aende, wala humwulizi sababu." Nyanchera alicheka hadi akamwaga maji. "Baba Bosibori, wewe utafungwa."

Momanyi alianguka mtihani mara ya kwanza, akafaulu ya pili. Baada ya hapo yeye na watafiti wenzake wakaitwa kwenye ukumbi wa chuo kumalizia mafunzo ana kwa ana, naye akaondoka nyumbani akipiga mwayo. Aliporudi hakuwa akipiga mwayo. Aliketi kwenye kigoda chake, akaiangalia chai mpaka ikapoa.

"Wametueleza kisa," akasema mwishowe. "Kuna mtafiti mmoja, huko mbali, alihoji mwanamke juu ya ndoa yake. Kisha akaenda kunywa chai kibandani na rafiki, akasimulia yale maneno kwa mzaha tu. Hakutaja jina. Lakini aliyekuwa akisikiliza meza ya pili alikuwa binamu ya mume wa yule mwanamke. Wiki haikuisha, vyombo vya mama wa watu vikatupwa nje."

"Jamani."

"Hakutaja jina, Mama Bosibori. Kijiji kilijitajia chenyewe. Mimi ningefanya vivyo hivyo. Si kibandani. Ningekuja kukuambia wewe."

"Mimi si kibanda cha chai."

"Najua," akasema, na kumbe hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho kumsimulia kwa muda mrefu.

Alianza kwenda Sironga, upande huo wa Nyamira, na vijiji vya karibu. Alirudi jioni akiwa amechoka, akaketi mlangoni kama zamani, akasikiliza habari za soko kwa nusu sikio. Nyanchera alipomaliza na kusubiri zamu yake, Momanyi alisema tu, "Nimeshinda salama."

"Umewaona wangapi?"

"Wachache."

"Wanasemaje?"

"Mama Bosibori, yale ni ya wenyewe."

Kinasa sauti alichopewa na chuo hakikulala nyumbani. Alikipitisha kwanza ofisini akakifungia kwenye kabati la chuma. Nyanchera aliusikia ufunguo wa kabati hilo mfukoni mwa mumewe, ukigongana na funguo za nyumba, na kila alipousikia alihisi kama kuna chumba kimejengwa ndani ya nyumba yake bila yeye kuambiwa.

Aliyekuja kuwasha moto ni Loice. Loice aliuza ndizi hatua chache kutoka kibanda cha Nyanchera, na ndizi zake alizifuata Sironga mashambani. Siku moja alirudi, akateremsha mikungu, akajipangusa jasho, akaja moja kwa moja.

"Mama Bosibori, mwalimu wako siku hizi anashinda Sironga?"

"Yuko kazini. Anahoji wajane."

"Wajane, au mjane?"

Nyanchera akaacha kukunja sweta.

"Nimemwona kwa Celestine," Loice akaendelea, "yule aliyefiwa na mume mwaka jana. Wametoa viti, wameketi kando ya shamba la majani chai, mbali na nyumba. Na anayeniuzia ndizi ameniambia si mara ya kwanza. Amefika pale, amefika tena."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Mwanamke anaongea. Mwalimu ameweka shavu kwenye kiganja, hivi, anasikiliza. Ungedhani anagawiwa urithi."

Loice angesema walikuwa wameshikana mikono, Nyanchera angemcheka na kumwambia akapime macho. Lakini shavu kwenye kiganja! Loice hajawahi kukanyaga jikoni kwake, hangeweza kulibuni lile. Ule mkao ulikuwa wake yeye Nyanchera, tangu siku za uchumba, na sasa ulikuwa umechukuliwa mchana kweupe ukapelekwa Sironga.

Tangu hapo hakujitambua. Alinusa kola za shati kabla ya kuloweka, akakuta harufu ya jasho na moshi tu, na badala ya kutulia akakasirika zaidi. Siku ambazo Momanyi alikwenda Nyamira, pasi iliharibika. Mboga zilizidi chumvi. Sabato, kanisani, mchungaji alipowataka waombee wajane na yatima, Nyanchera alifumba macho akamwona mwanamke ambaye hajawahi kumwona: mrefu, mweupe wa uso, mwenye shingo ndefu, anazungumza kwa sauti ya chini chini ili wanaume wasogee karibu.

"Unaumwa?" Momanyi alimwuliza.

"Nimeshinda salama," akamjibu.

Alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia. Asubuhi moja alichagua sweta bora katika mtumba mpya, zile za daraja la kwanza ambazo wauzaji huziita kamera, akazifunga kwa shuka, akamwachia Loice kibanda na kwenda Sironga. Nyumba ya Celestine hakuhangaika kuitafuta, kila mtu aliijua.

Celestine hakuwa mrefu wala hakuwa na shingo ndefu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso mpana na vidole vilivyoingia weusi wa kuchuma chai, gauni lake limefungwa kwa pini ubavuni. Nyanchera alimtazama akahisi moyo unashuka badala ya kupanda. Angekuwa mrembo, jambo lingekuwa jepesi. Wanaume hufuata uzuri, na uzuri huisha. Sasa ikabidi akubali kwamba kilichomleta Momanyi hapa mara kwa mara si uso. Ni maneno.

"Karibu, mama," Celestine akasema. "Unauza?"

Nyanchera akafungua shuka. Celestine akajaribu sweta moja ya rangi ya damu ya mzee, akajiangalia kwenye kioo cha dirisha, akageuka ubavu. Ilimkaa vizuri, na hilo pia likamuudhi Nyanchera.

"Mimi ni mke wa Mwalimu Momanyi," akasema ghafla.

Uso wa Celestine ukafunguka. "Wa mwalimu! Mbona hukusema, nikakuwekea chai? Mume wako ni mtu, mama. Tangu marehemu aende, sijapata mtu wa kunisikiliza vile."

Hapo ndipo neno lilipomtoka. Hakulipanga. Alitaka tu kumnyang'anya yule mwanamke kile alichokuwa nacho, na hakuona njia nyingine.

"Hunieleza kila kitu," akasema. "Mambo yako yote ninayo."

Celestine akabaki ameshika kifungo cha sweta.

"Yote?"

"Yote."

"Hata ya shemeji?"

Nyanchera angeweza kurudi nyuma hapo. Angeweza kusema alikuwa anatania, angeweza kuuliza bei ya chai mwezi huu. Lakini mlango ulikuwa umefunguka kidogo, naye alikuwa amesimama nje yake kwa miezi.

"Hata ya shemeji," akajibu, akangoja kusikia zaidi.

Hakusikia. Celestine alivua sweta taratibu, akaikunja mikono kwa ndani kama inavyokunjwa dukani, akairudisha juu ya zile nyingine.

"Nilimwuliza," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla sijafungua mdomo nilimwuliza, je, hata mkeo? Akasema hata mke wangu. Nikamwamini." Akatazama ng'ambo ya uzio, ambako moshi ulikuwa ukitoka kwenye paa jingine. "Shemeji anakaa pale. Akisikia nimetoa yale, hapa sitalala. Nenda, mama. Nakuomba nenda, na usiseme tena kwa sauti."

Nyanchera alifunga shuka lake vibaya, sweta zikining'inia. Njiani maneno yale mawili, hata mkeo, yalimchoma kwanza kwa wivu: kumbe walimjadili, wakakubaliana kumweka nje. Kisha, alipokuwa amefika karibu na mashamba ya ndizi, yakamgeukia kwa upande wa pili. Yule mwanamke alikuwa ameogopa. Hakuogopa kama mtu aliyefumaniwa. Aliogopa kama mtu aliyesikia hatua nje ya nyumba yake.

Hakumwambia Momanyi. Alijiambia litapita.

Siku chache baadaye Momanyi alirudi nyumbani kabla ya saa zake, akakuta Nyanchera ameinama kwenye jiko.

"Mama Bosibori, ulifika Sironga?"

"Nilipeleka sweta."

"Kwa nani?"

Nyanchera akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Celestine ameipigia simu kamati ya maadili ya chuo," Momanyi akasema. "Namba niliyompa mimi mwenyewe, ili awapigie nikimkosea. Amewaambia nimemwuza. Kwamba mke wangu amekuja mpaka kwake kumtajia maneno yake."

Nyanchera akaamua kushambulia. "Kwani ulikuwa na nini cha kuficha?"

"Mimi? Hakuna. Kilikuwa chake."

"Waambie basi hukusema."

"Nani ataamini? Umemwambia unajua ya shemeji."

"Sijui lolote la shemeji! Yeye ndiye aliyetaja!"

"Najua kwamba hujui," Momanyi akasema. "Na wewe unajua kwamba hujui. Basi tuko wawili." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Wamenisimamisha. Nisihoji mtu hadi wakae waamue. Hilo si kitu. Yule mama sasa analala na hofu, na ni mimi niliyemwambia hakuna cha kuogopa."

Angemfokea, Nyanchera angejua pa kushika. Hakumfokea. Na hata hapo, katikati ya aibu yake, wivu ulinyanyua kichwa tena: kazi yake inaungua, na bado anamfikiria yule. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, na aliendelea kuwaza. Waliishi siku zilizofuata kwa adabu kama wageni. Chumvi, tafadhali. Asante. Bosibori alikula haraka na kukimbilia vitabu vyake.

Momanyi hakumwomba aende kwenye kamati. Labda angemwomba, angekataa. Siku kamati ilipokaa ilikuwa siku ya soko, nguo zinatoka, na Nyanchera alifunga kibanda, akavaa gauni la kanisani, akapanda ngazi za jengo la utawala la chuo na kumwambia karani kwamba ana jambo la kusema kuhusu Mwalimu Momanyi.

Walimweka kwenye kiti mbele ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Daktari Nyamweya, mama wa makamo mwenye nywele fupi zenye mvi, ambaye alimwuliza kama anataka maji kabla ya kumwuliza kitu kingine chochote.

"Mume wako alikueleza nini kuhusu mama wa Sironga?"

"Hakunieleza kitu."

"Hata jina?"

"Jina nilipewa sokoni. Waliwaona wameketi kando ya majani chai."

"Kilichosemwa je?"

"Hata neno moja, daktari. Nilimwuliza nikachoka. Nilimnunia, nikamnyima shati la pasi. Hakusema."

"Basi kwa nini ulimwambia yule mama kwamba unajua?"

Nyanchera alikuwa amejiandalia jibu njiani, jibu zuri lenye maneno kama kutoelewana. Likapotea. Mezani kulikuwa na wanaume watatu, mmoja wao alisali naye kanisa moja.

"Ni wivu," akasema.

Mmoja wa wale wanaume akakohoa, akainamisha uso. Daktari Nyamweya hakukohoa.

"Ulidhani kuna jambo kati yao?"

"Siku za kwanza, ndiyo. Nilipomwona yule mama, hapana." Alishika ncha ya kitambaa chake. "Lakini wivu uliongezeka. Mume wangu ana namna yake ya kusikiliza. Anaweka shavu hapa. Ilikuwa yangu. Halafu nikasikia iko kwa mtu mwingine, na mimi nikirudi sokoni napewa nimeshinda salama. Nilitaka nijue yule mama alimwambia nini cha kunizidi mimi. Nilidanganya ili nipate. Yule mama hana kosa, na mwalimu hana kosa."

Daktari Nyamweya aliandika kitu, akamshukuru, akamfungulia mlango mwenyewe.

Uamuzi ulitoka kabla jua halijashuka. Momanyi hakuwa amevunja ahadi ya siri. Hata hivyo alikuwa amemhoji mama yule mahali ambapo mpita njia yeyote angewaona, akarudi pale pale tena na tena, na katika kijiji hilo peke yake linatosha kuzua maneno. Kwa hiyo angerudia mafunzo yote tangu mwanzo. Maneno ya Celestine yangefutwa, kwa kuwa mwenyewe aliomba yafutwe. Nyanchera aliomba aruhusiwe kwenda kumtaka radhi. Kamati ikampelekea Celestine ombi hilo kwa mtu wao, na siku chache baadaye jibu likaja fupi: ameambiwa kwamba mwalimu hakusema, na kwa hilo ameshukuru, lakini mke wa mwalimu asifike kwake tena. Nyanchera alilia kwa jibu lile kuliko alivyolia kwa lolote. Alikuwa amezoea makosa yanayokwisha mtu akishaomba msamaha.

Jioni ile ya uamuzi, Momanyi alikuwa akimngoja chini, kando ya lango la chuo. Walitembea mpaka wakapita maduka ya vitambaa.

"Wameniambia ulichosema," akaanza. "Eti ninaweka shavu?"

"Hujui?"

"Sikujua." Alitembea kidogo. "Nilidhani nikinyamaza nyumbani nimetimiza. Walitufundisha kutunza ya watu. Ya kwangu hawakunikataza kusema, ni mimi niliyefunga yote kwa pamoja. Ningeweza kukuambia nimechoka. Ningeweza kukuambia kwamba siku nyingine narudi nimebeba kilio cha mtu na sijui pa kukiweka."

"Ungeniambia hivyo, ningeuliza kilio cha nani."

Hapo Momanyi akacheka, kidogo, bila kutaka, na Nyanchera naye.

Hawakupona siku hiyo. Momanyi alirudia mafunzo, akarudi kazini, na sasa aliwahoji wajane kwenye ofisi moja ya kanisa, pamoja na mwanafunzi wa kike aliyepitia mafunzo kama yeye. Utafiti ulichelewa sana. Nyanchera alirudi kwenye sweta zake, na wenzake walipolalamika juu ya waume hakutabasamu tena.

Msimu wa mvua ulipoingia, Loice alitoka Sironga na mikungu yake, akaja akiwa na macho yanayometameta.

"Mama Bosibori, hujasikia! Yule Celestine wako na shemeji yake wamefikishana kwa chifu, na kumbe yule shemeji alikuwa..."

"Usiniambie."

"Subiri kwanza usikie."

"Loice, usiniambie. Sitaki."

Alikuwa anataka. Alitaka mpaka ulimi ukakauka, na Loice aliliona hilo, ndiyo maana akaudhika zaidi. Alibeba kigoda chake akakigeuzia mgongo kibanda cha Nyanchera, na kwa siku nyingi baada ya hapo walisalimiana kwa kichwa tu. Ya shemeji, Nyanchera hajayajua mpaka leo.

Wala wivu haukumwisha. Momanyi akiaga asubuhi kwamba anaelekea upande wa Nyamira, kuna kitu bado humwuma Nyanchera chini ya kifua. Zamani alikificha kwenye chumvi na pasi. Sasa husema, huku akifunga mzigo wake wa soko, "Baba Bosibori, leo wivu unachoma."

Naye Momanyi huweka mkoba chini, akaketi kidogo, hata kama amechelewa.